Natafuta mtaalamu wa majeraha ya kutelekezwa kihisia utotoni, naanzia wapi?

kimya_kirefu

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, na mnisamehe post itakuwa ndefu manake hili jambo sijawahi kuliandika popote wala kumwambia mtu kwa mpangilio.

Mi nina miaka 34, kazi ninayo, nina mwenzangu tunaishi pamoja, ugonjwa sina. Utotoni sikupigwa, sikutukanwa, wazazi hawakuwa walevi, ada ililipwa kwa wakati na nguo zilikuwepo. Ndo maana miaka yote hii nilikuwa najiambia sina cha kulalamikia, kuna watu wamepitia makubwa. Ila kwetu hakuna aliyekuwa anamuuliza mwenzake unajisikiaje. Yaani hamna kabisa. Ukifurahi unafurahi kimya kimya, ukilia watu wanapita pembeni yako wanaendelea na shughuli zao mpaka unyamaze mwenyewe. Nakumbuka nikiwa na miaka 9 rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa dawati moja alifariki, nikarudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi na begi bado liko mgongoni, mama akatoka, akaniangalia, akasema vua viatu kabla hujaingia, akarudi ndani. Nikavua viatu. Basi, hilo ndo tukio zima, na ndo shida yangu yenyewe, nikimsimulia mtu naona kabisa anasubiri nifike kwenye sehemu mbaya na mimi nimeshamaliza.

Kilichonileta hapa ni kwamba mwezi uliopita mwenzangu aliniambia tumekaa miaka 6 na hajawahi kunisikia nikimuomba msaada wa kitu chochote. Akanikumbusha siku niliyoshikwa na homa kali nikahamia chumba kingine nikafunga mlango ili nisimsumbue. Alikuwa analia wakati anasema hayo, na mimi nilikuwa nimekaa pale najua natakiwa kuhisi kitu, na sihisi, nawaza tu niseme neno gani ili anyamaze. Kesho yake ndo nikaogopa, manake nilijiona nimekuwa yule aliyetoka akaona mtoto kwenye ngazi.

Nimeshaenda kwa wataalamu wawili. Wa kwanza tulikaa vikao 4, akaniuliza mambo ya kazi na usingizi, akanifundisha mazoezi ya kupumua, akasema naendelea vizuri, nikamshukuru sana nikaondoka nikiwa vile vile nilivyoingia. Wa pili kikao cha kwanza tu akaniambia nijifunze kuwasamehe wazazi. Sikurudi, na wala sikumwambia kwa nini.

Sasa maswali yangu, natafuta mtu wa aina gani hasa, anaitwaje kitaalamu, namuuliza nini kabla sijaanza, na nitajuaje kama ananifaa wakati mimi mwenyewe mara nyingi sijui ninachohisi? Asanteni.

---

Tulizo2

Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya viatu imenikaa kooni nimeshindwa kuendelea na kazi. Si kitu kidogo hata kidogo, mtoto amefiwa na rafiki yake jamani. Sina ushauri wa kitaalamu ila nipo hapa nafuatilia manake na mimi nahitaji majibu haya haya.

---

nahodha_wa_pwani

Mkuu nimesoma mara mbili. Mi nilizunguka kwa watu 5 kabla ya kumpata niliye naye sasa, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwake, kwa hiyo nakwambia nilichokiona mwenyewe.

Hao wawili uliowapata inawezekana kabisa walikuwa wazuri kwa mtu mwingine. Ila angalia ulivyoondoka. Wa kwanza ulimshukuru, wa pili ulipotea kimya. Na mimi nilifanya hivyo hivyo kwa wanne wa mwanzo. Sisi tuliolelewa hivi tumejifunza kutokuwa mzigo kwa mtu, sasa hiyo tabia hatuiachi mlangoni, tunaingia nayo mpaka ndani. Mi nilikuwa nafika dakika 10 kabla, namuuliza mama wa watu siku yake imeendaje, nikiona amechoka nafupisha maelezo yangu, akisema zoezi fulani nasema limenisaidia hata kama sikulifanya. Akawa anaamini napona. Angejuaje?

Huyu wa sasa kwenye mwezi wa tatu aliniambia hivi, "Umekuja hapa wiki 12 na hujanisumbua hata siku moja, nani alikufundisha hivyo?" Nilikaa kimya muda mrefu sana. Siwezi kuelezea vizuri lakini nilihisi kama mtu amewasha taa kwenye chumba nilichokuwa nimejificha.

Halafu ikaja siku nyingine alitupia jicho saa ya ukutani wakati naongelea habari za baba yangu. Nikafunga mada pale pale, nikahamia kwenye mambo ya kazini. Wiki nzima nikawa na uzito kifuani, nikaamua siendi tena, nikaandika meseji ya kumshukuru kwa yote, nikaifuta, nikaiandika tena. Mwisho nikaenda, viganja vimelowa jasho, nikamwambia wiki iliyopita uliangalia saa na mimi nikaona nakuchosha. Akasema ni kweli niliangalia, nilitaka kujua kama tuna muda wa kutosha kwa jambo zito kama lile, ila nilipaswa kukwambia, samahani. Mkuu, nilikuwa na miaka 38 na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba samahani kwa ajili ya kitu nilichohisi moyoni tu bila kuwa na ushahidi. Kama kuna siku ninayoweza kuonyesha kidole niseme hapa ndo nilianza kupona, ni hiyo.

Kwa hiyo jibu langu la swali lako la mwisho ni kwamba usisubiri mpaka ujue unachohisi. Tafuta mtu unayeweza kumwambia hapana, au angalau mtu ambaye ukimwambia hapana habadiliki sura. Anza na hapana ndogo, kiti hiki sikipendi, zoezi hili sikulielewa, hiyo siku hainifai. Jinsi anavyoipokea itakwambia kuliko vyeti vilivyoko ukutani kwake.

Na kitu kingine, kama kuongea ni kugumu, ile post yako ya juu iko vizuri sana, isome kutoka kwenye simu kama ilivyo. Mi kikao cha kwanza nilisoma karatasi na sauti inatetemeka, hakuna aliyenicheka.

---

kaunsela_mkongwe

Nashukuru kwa huu uzi. Nafanya kazi ya ushauri wa kisaikolojia miaka 11 sasa, naomba niongezee upande wa kitaalamu, nitajitahidi nisiwe na maneno magumu.

Kwanza kuhusu jina. Kutelekezwa kihisia si jina la ugonjwa. Hulikuti kama ugonjwa wa kujitegemea kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka 2013, wala kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Ndo maana ukitafuta mtaalamu kwa jina hilo unaweza usipate mtu, au ukaandikiwa sonona, wasiwasi, matatizo ya mahusiano, kumbe mzizi ni mmoja. Mwanasaikolojia wa Marekani anayeitwa Jonice Webb ndiye aliyelifanya lijulikane sana kwa watu wa kawaida kuanzia 2012, lakini watafiti walikuwa wanalipima kabla ya hapo. Kuna dodoso moja linatumika sana kwenye utafiti wa mateso ya utotoni, lina maswali 28, na yale 5 ya kutelekezwa kihisia yameandikwa kinyume na mengine. Hayakuulizi ulifanyiwa nini. Yanakuuliza kama kulikuwa na upendo, kama kulikuwa na ukaribu, na ukijibu hapana hapana hapana ndipo alama zinapopanda. Nimewaona watu wazima wakijaza sehemu zote za kipigo na matusi haraka haraka bila shida, wakifika pale kalamu inasimama.

Ndugu kimya_kirefu, wewe umesema watu wanasubiri sehemu mbaya na wewe umeshamaliza. Sehemu mbaya umeshaisema. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alifanya jaribio ambalo vidio zake unaweza kuzikuta intaneti mpaka leo. Mama anacheza na mtoto wake mchanga vizuri tu, halafu anaambiwa akaushe uso kwa dakika chache, asimguse, asimjibu, amwangalie tu. Hampigi wala hamfokei. Mtoto anatabasamu, anaona hajibiwi, ananyoosha mikono, anapiga kelele, anajaribu tena, na mwisho anageuza uso pembeni na mwili unalegea. Muda wenyewe ni mfupi mno, na huyo mama baada ya hapo anarudi kuwa mama. Sasa chukua ule mgeuko wa uso ufanye ndiyo namna ya kuishi miaka 18. Kuhama chumba ukiwa na homa ni mgeuko ule ule.

Sasa nani wa kumtafuta. Daktari wa akili ni daktari kamili na anaweza kuandika dawa, huyo unamhitaji kama usingizi umepotea kabisa, kama sonona imekulaza kitandani, au kama mawazo ya kujidhuru yamekuja (na hayo yakija usisubiri zamu ya kikao, nenda kwenye huduma ya dharura au mpigie mtu siku hiyo hiyo). Kwa kazi ya majeraha haya kwa kawaida ni mwanasaikolojia wa tiba, au mshauri mwenye mafunzo ya kina. Usimuulize tu "unafanya mambo ya utotoni?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Muulize anatumia njia gani.

Njia ambayo mimi naiona inalenga hapa moja kwa moja ni terapia ya skima ya mwanasaikolojia Jeffrey Young, skima ni ile mifumo ya kufikiri na kuhisi tuliyoijenga tangu utotoni. Ndani yake kuna kitu wanaita upungufu wa kihisia, na wameugawa mara tatu, kukosa kutunzwa kwa mapenzi, kukosa kueleweka, na kukosa wa kukulinda na kukuongoza. Ukiangalia vizuri mtu anaweza kuwa alipata kimoja na akakosa viwili. Kwenye njia hiyo mtaalamu haishii kuchambua tu, anaruhusiwa ndani ya mipaka ya kazi yake kumpa mteja sehemu ya kile kilichokosekana, kumjali waziwazi, kumtetea yule mtoto. Nyingine ni terapia inayojikita kwenye hisia, ya Leslie Greenberg, hii inakusaidia kukaa na hisia mpaka zijitambulishe. Wale wanaojitambulisha kuwa wanafanya kazi ya mafungamano ya mtoto na mlezi nao wapo karibu na unachotafuta.

CBT, yaani tiba ya kubadilisha fikra na tabia, ni nzuri na ina ushahidi mwingi kwa wasiwasi na sonona, sitaki mtu aikimbie kwa sababu yangu. Ila kwa mtu aliyejifunza kuishi kichwani, akifundishwa tu kupanga mawazo anaweza kuwa mwanafunzi bora na asiguse chochote chini ya shingo. Na EMDR, tiba ya kumbukumbu chungu inayotumia mwendo wa macho, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ilijengwa kuzunguka kumbukumbu za matukio, sasa wewe jeraha lako kubwa ni kitu ambacho hakikutokea. Wapo wanaoirekebisha vizuri kwa hali kama hii, muulize tu anairekebishaje. Akikosa jibu usianze naye.

Kuhusu kutojua unachohisi, hilo nalo lina jina, alekisithimia, neno lililotungwa na Peter Sifneos mwanzoni mwa miaka ya 1970, maana yake kukosa maneno ya hisia. Haimaanishi huna hisia. Wateja wangu wengi wanaanza kwa mwili, mabega yamepanda, tumbo limekaza, taya limebana, na jina la hisia linakuja baadaye, wakati mwingine wiki nyingi baadaye. Mtaalamu mzuri hatakushindilia swali la unajisikiaje mara 10. Atakuuliza mkono wako unafanya nini hapo.

Mtihani wangu kwa simu ya kwanza ni huu, mwambie "Nikisema utoto wangu ulikuwa mzuri lakini sihisi kitu, utaanzia wapi na mimi?" halafu nyamaza umsikilize. Anayekimbilia kukutuliza, kukushauri, au kukuambia wazazi walijitahidi, shukuru uendelee na wengine. Anayekuuliza swali lingine, huyo mpe vikao 3 mpaka 5. Muulize pia kama amesajiliwa, na kama kuna mwenzake mzoefu anayemsimamia, manake hata sisi wenye miaka mingi tunahitaji kusimamiwa na asiyetaka kuulizwa hilo ana shida.

Hilo la kusamehe kikao cha kwanza limeniuma kama mtu wa fani hii. Hata kama siku moja utafika huko, mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hajaruhusiwa bado kukitaja.

---

BabaWatatu

Naomba niseme tofauti kidogo na msinielewe vibaya. Mi naona siku hizi tunawashitaki sana wazazi. Baba yangu alitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku maisha yake yote ya kazi, alinisomesha, yeye mwenyewe alikua yatima, hakuna aliyemkumbatia hata siku moja. Angetoa wapi kitu ambacho hakupewa? Nikisoma haya naona kama tunasema mzazi aliyetoa kila alichonacho bado ni mkosaji. Sijui. Inaniuma kusema kweli.

---

nahodha_wa_pwani

Ndugu yangu BabaWatatu mi baba yangu ni kama huyo wako, na ninamheshimu mpaka leo, nampigia simu kila Jumapili. Ila yote mawili yapo. Alitoa kila alichonacho, na mimi nilikosa. Ilinichukua muda kukubali kwamba kusema la pili hakufuti la kwanza. Pale kwa mtaalamu wangu hatujawahi kukaa kumhukumu mzee, tunamtafuta yule mtoto amekwama wapi.

---

kaunsela_mkongwe

Nakubaliana na nahodha. Na BabaWatatu, swali lako la angetoa wapi ni la kweli kabisa, hivi ndivyo inavyorithishwa, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ulilosema kwamba inakuuma nimelisikia. Kama hutajali, ni kipi hasa kinakuuma?

---

BabaWatatu

Nimekaa na hili swali toka jana, naandika usiku huu wamelala.

Binti yangu mdogo ana miaka 5. Akilia mi natoka chumbani. Simfokei, naondoka tu, natafuta kitu cha kufanya nje mpaka mama yake amalize. Wiki mbili zilizopita aliangusha kidoli chake kikavunjika mkono, akaanza kulia, akanitazama, halafu akasema "baba usiende, nimeshanyamaza." Akafuta macho na kiganja kabisa ili nione. Miaka 5. Ndo kilichonifanya nikasoma huu uzi wote kuanzia juu, ile post ya kwanza ilipofika kwenye ngazi nikaifunga nikairudia baadaye. Nilivyoandika pale juu nilikuwa namtetea baba yangu lakini nadhani nilikuwa najitetea mwenyewe.

Je nimeshachelewa?

---

kaunsela_mkongwe

Hujachelewa ndugu yangu, na hili silisemi ili kukufariji. Yule yule Tronick aliendelea kuwachunguza wazazi na watoto wao kwa miaka mingi na akaona hata wale wenye uhusiano mzuri kabisa, sehemu kubwa ya muda hawaendani, mmoja anataka kucheza mwenzake amechoka, mmoja analia mwenzake haelewi. Kinachomjenga mtoto ni kwamba wanapotezana na wanarudiana, tena na tena. Kurudi ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba hisia zake hazimfukuzi mtu.

Kesho mkae chini wote wawili, mwambie ile siku ya kidoli baba alikuwa anataka kutoka, na wewe hukutakiwa kunyamaza kwa ajili yangu, ungeweza kulia na mimi ningekaa. Maneno machache tu, kwa macho. Siku akilia tena, kaa hata dakika moja zaidi ya unavyoweza kuvumilia. Huna haja ya kujua cha kusema. Mwili wako utataka kukimbia kwa sababu wewe ulipokuwa unalia hakuna aliyekaa, na kwa hilo na wewe tafuta mtu wa kuongea naye, usibebe peke yako.

---

MamaWawili

Mwanangu kimya_kirefu mi nina miaka 61 na nilianza terapia nikiwa na 57, kwa hiyo wewe una muda mrefu sana mbele yako. Nataka kuongezea mambo ambayo naona hayajaguswa. Kama wataalamu wa hizo njia hawapo karibu na unapoishi, vikao vya vidio vinafanya kazi, mi nilianza hivyo na wakati mwingine ilikuwa rahisi zaidi kulia nikiwa kwenye kiti changu mwenyewe. Kama uwezo wa kulipa ni mdogo ulizia vyuo vinavyofundisha wanasaikolojia, wanafunzi wa mwisho huwa wanaona watu kwa gharama nafuu na kila kikao chao kinapitiwa na mwalimu. Na vikundi. Mi niliogopa sana kikundi, lakini pale ndo nilisikia mwanamke mwingine akisema kitu nilichofikiri ni changu peke yangu duniani, kwamba akipewa zawadi anatamani kukimbia.

Jiandae tu kwamba mwanzoni utachoka. Mi miezi ya mwanzo nikitoka kule nalala mchana mzima na nilikuwa na hasira na watu wa dukani, wa barabarani, wa kila mahali, nikafikiri naharibika. Nilimwambia akasema hasira ndo ya kwanza kufika kwa sababu ilikaa mlangoni muda mrefu. Na usiwapigie wazazi simu kuwaeleza yote wiki ya kwanza, nilifanya hivyo kwa dada yangu mkubwa aliyenilea, ikatugharimu mwaka mzima wa kununiana. Lipo na litasemwa, ila liache liive kwanza.

---

kimya_kirefu

Wakuu nimerudi, ni wiki 5 zimepita. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nasoma kila kitu ila kila nikitaka kujibu naandika "asanteni sana" halafu naona hiyo ndo ile tabia aliyoisema nahodha, kwa hiyo nikasubiri niwe na kitu cha kweli cha kusema.

Niliwaandikia watu 4. Wawili hawakujibu. Wa tatu nilimpigia nikamuuliza lile swali la kaunsela, akasema vizuri sana, hapo tutafanya kazi ya kubadilisha mtazamo, na akaanza kunipa mfano wa mtu aliyekuwa na hali mbaya kuliko mimi. Nilimwambia asante nitafikiria. Wa nne ni mwanamke, ana mafunzo ya skima, nikamuuliza swali hilo hilo, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Ulipokuwa mdogo ukiwa na huzuni nani alikuwa anajua?" Nilikuwa nimesimama jikoni na simu sikioni. Nikaanza kutafuta jina. Nikapita kwa mama, baba, shangazi, mwalimu, kila mtu, nikamwambia subiri nafikiria, akasema chukua muda wako. Sikupata jina. Hakusema kitu kama pole sana au nini, alisema tu "basi nimeelewa tutaanzia wapi."

Vikao 3 vimeshapita. Cha kwanza nilisoma post yangu kutoka kwenye simu kama mlivyonishauri, nilipofika kwenye viatu akaniambia nisimame hapo, nirudie sentensi hiyo taratibu. Nikairudia. Akauliza begi lilikuwa zito? Hakuna mtu amewahi kuniuliza kuhusu begi, na lilikuwa zito kweli, lilikuwa na madaftari ya yule rafiki yangu pia, mwalimu alinipa nimpelekee nyumbani kwao akipona na sikujua tena niyafanye nini. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, miaka 25. Nililia, sio sana, lakini nililia na kuna mtu alikuwepo.

Mwenzangu nilimsimulia jioni ile habari za madaftari. Hatukuongea sana, alikaa karibu yangu tu. BabaWatatu, nimemfikiria sana binti yako, natumaini mliongea.

Halafu nahodha, ile ya hapana ndogo. Mtaalamu wangu alipanga vikao viwe Alhamisi saa 12 jioni, na mimi Alhamisi natoka kazini nimechoka hoi na nakimbizana na usafiri, lakini nilisema sawa haina shida, nikaenda hivyo mara zote 3. Juzi baada ya kikao nilikaa kwenye ngazi za jengo lake karibu nusu saa na simu mkononi nikaandika Alhamisi hainifai, naomba tubadilishe. Niliandika na sababu mistari mingi ya kujieleza, nikaifuta yote nikabakiza hiyo sentensi, nikatuma nikazima simu kabisa kwa hofu. Nilipoiwasha usiku alikuwa amejibu kwamba amefurahi nimemwambia, Jumanne asubuhi ana nafasi.

Nimechukua Jumanne.